Kijiko, Fungu na Gramu: Kupima Viungo na Majani Jikoni

Mapishi uliyorushiwa kwenye simu yanataka kikombe kimoja cha kotimiri. Aliyeyaandika yuko Chicago au Muscat; wewe uko Katubuka, Kigoma, na kotimiri uliyonunua soko la Mwanga umeuziwa kwa fungu. Mapishi mengine yanataka gramu 15 za mnanaa, na jikoni kwako hakuna mzani, kuna vijiko. Halafu inaingia siku ya shughuli: kilo 25 za mchele, mwenye duka anapima binzari kwa gramu, na wewe pilau unaijua kwa vijiko. Hapo ndipo watu wanapokadiria kwa macho, na ndipo karafuu inapozidi hadi wageni wanaulizana kama wanakula pilau au dawa ya jino.

Kutoka kijiko kwenda gramu si kazi ngumu, ila hakuna namba moja ya kukariri. Kijiko kinapima nafasi tu. Uzito unatokana na kile ulichokijaza, na viungo havifanani. Maji ndiyo rahisi: mililita 1 ni gramu 1, kwa hiyo kijiko cha chai cha mililita 5 kinabeba gramu 5 za maji. Jaza kijiko hichohicho chumvi laini, utapata gramu 6. Jaza mnanaa mkavu uliovunjwavunjwa, utapata nusu gramu. Kijiko ni kilekile, lakini chumvi imeuzidi mnanaa mara 12. Ukimsikia mtu anasema kijiko cha chai ni gramu 5, muulize: cha nini?

Ujiji ya zamani ilizijua njia zote mbili. Biashara ya misafara ya karne ya 19 ilipima nafaka kwa kibaba na pishi, ambavyo ni vipimo vya ujazo, na pembe za ndovu kwa frasila, ambayo ni uzito wa kama kilo 16. Posho ya mpagazi ilihesabiwa kwa kibaba. Pembe haikuhesabiwa kwa pishi hata siku moja, na sababu anaijua kila aliyewahi kuliona pembe la ndovu. Pishi nayo ilikuwa ya lundo au ya mfuto, yaani iliyofutwa juu ikawa sawa na ukingo. Mnunuzi aliijua tofauti, na muuzaji aliijua zaidi. Katika mwongozo huu kila kijiko ni cha mfuto: kijaze, pitisha mgongo wa kisu juu yake, usikishindilie, usikitikise.

Anza na kijiko chako mwenyewe. Vijiko vya chai vinavyouzwa kwa dazani vimetengenezwa kwa kukorogea, si kwa kupimia. Kimoja kitachukua mililita 3 na nusu, cha jirani yake 6. Nenda duka la dawa ununue bomba la sindano la mililita 5. Vuta maji hadi alama ya 5, yamimine kwenye kijiko taratibu ukiwa umekishika sawasawa. Yakienea hadi ukingoni na bomba likaisha, kijiko hicho ni kipimo halali. Kikijaa kabla, soma kilichobaki ndani ya bomba: ikiwa imebaki mililita 1, kijiko chako ni cha mililita 4, na namba zote nitakazokupa uzipunguze kwa moja ya tano.

Nyumba yenye mtoto mdogo huenda tayari ina kipimo kizuri kuliko vyote. Ni kile kijiko cha plastiki kinachokaa ndani ya boksi la dawa ya maji, ambacho dawa ikiisha hutupwa pamoja na chupa. Kiangalie kwenye mwanga: vingi vimeandikwa 5 ml upande mmoja, na vingine vina mstari wa 2.5 ndani. Kioshe kwa maji ya moto na sabuni, kikauke kabisa, kiwe cha viungo tangu leo. Kikiwa na unyevu, binzari itaganda ukutani mwa kijiko na hesabu yako itapotea hapohapo.

Kijiko cha chakula ni mililita 15, yaani vitatu vya chai. Hapa angalia mapishi yametoka wapi, kwa sababu Australia kijiko cha chakula ni mililita 20. Vikombe ndiyo balaa zaidi. Cha Marekani ni karibu mililita 240, cha Japani 200, na mapishi mengi mengine yanatumia 250. Kikombe cha plastiki unachonywea chai kinaweza kufika 300 au zaidi. Kipime kwa chupa ya maji ya nusu lita: kikombe cha mililita 250 hujaa mara mbili na chupa kuisha. Ukipata kinachofanya hivyo, kitie alama ya rangi ya kucha usije ukakipoteza kati ya wenzake.

Sasa mzani. Mizani midogo ya betri inayosoma gramu moja moja inatosha kwa kazi nyingi za nyumbani, lakini haiwezi kukupimia kijiko kimoja cha jani kavu. Utaweka mnanaa, isome 0. Utaongeza kidogo, bado 0. Kisha ghafla 2. Dawa yake ni kupima vijiko 10 kwa pamoja na kugawa kwa 10. Weka bakuli juu ya mzani, bonyeza kitufe cha sifuri, kisha liondoe. Jaza vijiko vyako 10 ukiwa pembeni, ndipo ulirudishe bakuli kwa mara moja. Usimimine punje kwa punje likiwa juu ya mzani, kwa sababu mizani mingi ya aina hii hujirudisha sifuri yenyewe mzigo unapoongezeka polepole mno, na gramu zako zinamezwa bila wewe kujua. Kabla ya yote, hakikisha mzani wenyewe unasema kweli: mimina mabomba 10 ya maji ya mililita 5 kwenye bakuli. Isome 50. Ikisoma 46, badilisha betri ujaribu tena.

Huna mzani na huna mpango wa kununua? Tafuta pakiti ya kiwandani iliyoandikwa uzito wake, tuseme manjano ya gramu 50. Imwage kwenye sahani pana, uirudishe kijiko kwa kijiko ukihesabu. Vikitoka vijiko 17, gawa 50 kwa 17: kila kijiko kina karibu gramu 3. Umepata namba yako bila kumwazima mtu chochote, na kwa kazi ya jikoni ni namba nzuri. Sonara naye ana mzani unaosoma hadi sehemu ndogo za gramu, ila usimpelekee pilipili.

Namba za kuanzia ni hizi. Zimetoka kwenye majedwali ya vyakula ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, na ni za kijiko cha chai cha mililita 5, mfuto:

Chumvi laini, gramu 6
Manjano ya unga, gramu 3
Mdalasini wa unga, gramu 2.6
Pilipili manga ya unga, gramu 2.3
Kungumanga ya unga, gramu 2.2
Binzari nyembamba, punje nzima, gramu 2.1
Karafuu ya unga, gramu 2.1
Iliki ya unga, gramu 2
Giligilani, mbegu nzima, gramu 1.8
Tangawizi ya unga, gramu 1.8
Rozimari kavu, gramu 1.2
Mrehani mkavu, majani, gramu 0.7
Mnanaa mkavu, gramu 0.5

Kwa kijiko cha chakula zidisha kwa 3. Karatasi ikipotea, kumbuka hivi tu: unga wa kiungo mara nyingi ni kati ya gramu 2 na 3, mbegu ni karibu 2, jani kavu mara nyingi halifiki gramu 1. Chumvi iko peke yake huko juu. Na hiyo 6 ni ya chumvi laini ya pakiti. Ile ya chenga, kama inayotoka Uvinza, ambako watu wamechemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, ina nafasi nyingi kati ya chenga na chenga, kwa hiyo kijiko chake ni chepesi. Anayebadilisha chumvi laini kwa ya chenga kijiko kwa kijiko atalalamikiwa chakula hakijakolea. Abadilishe gramu kwa gramu.

Jambo hilohilo liko kwenye kusaga. Mrehani mkavu wenye majani yaliyovunjika ni gramu 0.7 kwa kijiko; ukisagwa kuwa unga ni 1.4. Umeongezeka maradufu bila mtu kuongeza kitu. Majani yaliyovunjika yanalaliana vibaya na kuacha hewa katikati, unga unaijaza. Ukipima gramu 20 za giligilani nzima, ukazitia kwenye kinu au mashine, zitatoka gramu 20, ukiacha vumbi lililobaki kwenye kuta. Lakini usijaribu kukisia ni vijiko vingapi zitatoka. Ndiyo maana nasema pima kwanza, saga baadaye, na kama mapishi yanakutajia kijiko, soma vizuri kama ni cha punje au cha unga.

Majani mabichi ndiyo yenye ugomvi. Kikombe cha majani ya kotimiri yaliyochumwa na kuachwa yakae yanavyotaka ni gramu 16. Kikombe cha paseli iliyokatwakatwa, jani la ukoo mmoja na kotimiri, ni gramu 60. Kinachotofautisha hapo kwa sehemu kubwa ni kisu, na kidogo mkono wa anayejaza kikombe. Kwa hiyo mtu akikuandikia “kikombe cha kotimiri iliyokatwa”, ikate kwanza ndipo upime. Akikuandikia “kikombe cha kotimiri, kisha uikate”, ni karibu robo tu ya ile ya kwanza. Waandishi wengi wa mapishi hawajui kwamba wamesema mambo mawili tofauti. Mimi huyaacha mapishi ya majani mabichi yasiyotaja gramu, au nayachukua kama ushauri tu na kuonja.

Na fungu je? Fungu ni kipimo cha muuzaji, kila mmoja na mkono wake, na msimu ukibana fungu linabana pia. Kitu cha kufanya ni kulipima la muuzaji wako wa kawaida mara moja ukifika nyumbani. Likung'ute kwanza, maana majani hunyunyiziwa maji mezani yasinyauke, na maji hayo yana uzito. Lipime likiwa zima. Kata mizizi na shina gumu, kisha pima tena kilichobaki. Namba ya pili ndiyo ya kupikia. Mchaichai una hesabu yake: kwenye chai unatia majani marefu kwa mkono na hakuna anayepima, lakini mapishi ya mchuzi yanayotaka mchaichai uliokatwa yanazungumzia sehemu nyeupe ya chini tu, na kijiko cha chakula cha hiyo ni karibu gramu 5.

Kuna kanuni inayozunguka jikoni nyingi: jani kavu ni theluthi ya jani bichi. Ni kweli, lakini ni kweli ya vijiko. Mapishi yakitaka vijiko vitatu vya chakula vya mnanaa mbichi, weka kimoja cha mkavu. Sasa viweke kwenye mzani. Vijiko vitatu vya mnanaa mbichi ni kama gramu 17. Kimoja cha mkavu ni gramu 1.6. Kwa uzito, mkavu umekuwa sehemu moja ya kumi, wala si theluthi. Mtu aliyepewa mapishi ya gramu 15 za mnanaa mbichi, akagawa kwa tatu na kutia gramu 5 za mkavu, amezidisha zaidi ya mara tatu, na chakula kitakuwa kichungu.

Chanzo ni maji. Kotimiri na mrehani vikiwa vibichi ni maji kwa zaidi ya sehemu 90 kwa mia, kama vile dagaa mbichi anayeshushwa Kibirizi alfajiri anavyopungua uzito kwenye jua hadi gunia lake linabebwa na mtu mmoja. Rozimari si hivyo. Jani lake ni gumu na lina maji kama sehemu 68 kwa mia, kwa hiyo vijiko vitatu vya mbichi ni gramu 5 na kimoja cha kavu ni gramu 3.3. Hapo uzito umepungua kwa theluthi moja tu. Hakuna kanuni moja ya gramu itakayoufaa mnanaa na kuifaa rozimari. Tumia theluthi ukiwa na kijiko. Ukiwa na mzani, geuza kwanza gramu kuwa vijiko, gawa kwa tatu, kisha rudi kwenye gramu. Kotimiri iachwe nje ya mchezo huu wote: ikikauka harufu yake inakufa, na hakuna kiasi cha kijiko kitakachoifufua. Nunua mbichi au pika bila.

Kama unakausha mwenyewe, kausha kivulini penye upepo, halafu pima kwa mzani kabla na baada. Gramu 100 za jani laini zikirudi na gramu 10 hivi, limekauka. Zikirudi na 25, bado, na ukilifungia kwenye chupa litaota ukungu. Mvua za Kigoma zikianza, kati ya Oktoba na Novemba hadi Aprili au Mei, hata jani lililokauka vizuri linanyonya unyevu kila unapofungua kopo, hasa kwa walio karibu na bwawa la Katubuka. Unga wa kitunguu saumu ndio unaoganda haraka. Pima upya vijiko vyako 10 katikati ya masika. Usishangae ukikuta namba imesogea.

Tuje kwenye shughuli. Tuseme kwa kilo 1 ya mchele wewe hutia kijiko kimoja cha chakula cha binzari nyembamba, kimoja cha chai cha iliki ya unga, kimoja cha chai cha pilipili manga, kimoja cha chai cha mdalasini na nusu kijiko cha chai cha karafuu. Kwa gramu ni 6 (6.3 na 6 ni karibu mno kubishania), 2, 2.3, 2.6 na 1. Kwa kilo 25: binzari gramu 150, iliki 50, pilipili manga 58, mdalasini 65, karafuu 25. Hiyo ndiyo karatasi ya kwenda nayo sokoni. Lakini usitie yote. Viungo vikali havifuati hesabu ya kuzidisha hadi mwisho: sufuria kubwa linakaa na mvuke na moto kwa muda mrefu zaidi, na karafuu inaendelea kutoa. Anza na 18 za karafuu na 45 za pilipili manga, onja supu kabla ya kutia mchele, ongeza ikihitajika. Kurudi nyuma hakuna.

Iliki nunua nzima na uisage mwenyewe, ukijua kwamba maganda yana uzito wake. Ukiyasaga pamoja, hesabu inabaki ilivyo, ingawa ladha inapungua ukali. Ukiyatoa, nunua zaidi ya 50, au chambua kwanza ndipo upime. Iliki ni ghali, na hapa ndipo mzani unapolipa gharama yake.

Si kila kitu kinataka haya. Kisamvu cha mawese na karanga kinapikwa kwa mkono na jicho, na anayesimama na mzani pembeni ya sufuria la kisamvu atachekwa kwa haki. Ila kama mapishi ya nje yamekutajia mafuta kwa gramu na wewe unapima mawese kwa lita, lita moja ni karibu gramu 900. Mzani ni wa pale unapopikia wengi, unapouza viungo ulivyochanganya, au unapotaka achari ya leo iwe sawa na ya mwezi uliopita.

Ukienda kununua, usipimiwe gramu 25 za karafuu kwenye mzani wa saa unaoning'inia. Ule ni wa nyama na dagaa. Mistari yake iko mbali mno na mshale hautikisiki kwa vitu vyepesi. Tafuta duka lenye mzani wa kidijitali, na utazame kama una stika ya Wakala wa Vipimo, kwa kuwa mizani ya biashara inatakiwa kuhakikiwa kila mwaka. Kisha kabla mfuko haujawekwa juu, tazama kioo. Kikiwa kinasoma chochote zaidi ya sifuri, sema kwa heshima: “Mama, naomba turudishe sifuri kwanza.”